Vijumba Kumi na Vinane

Ratiba imekuja kwa posta, karatasi nene, rangi tatu.
Nimeisoma nikiwa na koti mwilini,
maana ofisi ya kijiji tunaipasha moto siku mbili tu kwa juma
na leo si mojawapo.

Siku tatu za Aprili, hotelini, mjini Regina.
Wameitwa mameya, madiwani, makarani, viongozi wa jamii.
Jumanne asubuhi: Mabomba Yaliyozeeka na Fedha za Kuyabadili.
Jumanne mchana: Mbwa Wazururao, Sheria na Huruma.
Jumatano, Ukumbi C, baada ya chakula, saa ya kusinzia:
Jinsi ya Kuvunja Kijiji, Hatua kwa Hatua.

Hiyo ndiyo yetu.

Verbova tumebaki watu hamsini na tisa,
sitini ukimhesabu mjukuu wa Dagny Haugen
ajaye na theluji na kuondoka nayo.
Jana usiku baraza lilikaa: watatu, mmoja wao kwa simu.
Hoja: karani aende?
Kiingilio, chumba, mafuta ya gari,
dola mia saba na arobaini.
Meya Friesen alikuna kidevu hadi kikawa chekundu.
"Tuchukue pesa ya chumvi ya barabarani
tukajifunze kufa?"
Simu ikakwaruza. Alikuwa Metro Sawchuk, yuko kitandani na nyonga mpya:
"Lorne, hata maiti huoshwa na anayejua kuosha."

Kimya. Saa ya ukutani, ile inayochelewa.
Wawili kwa mmoja. Nikaandika: imepita.

Mwosha huoshwa.
Ni mkono huu ulioandika kumbukumbu za kufungwa kwa shule,
kisha benki, kisha duka, kisha uwanja wa barafu,
kila mara wino uleule wa bluu,
kila mara "hakukuwa na mengineyo, kikao kikaahirishwa."
Sasa daftari limefika zamu yake.

Nimehudhuria mikutano kumi na minne.
Ukiniuliza nilichosikia jukwaani, nitakuonyesha kalamu za bure.
Lakini kwenye foleni ya kahawa, mwaka wa tatu au wa nne,
Bernadette Kinequon, wa baraza la watu wake kando ya ziwa,
aliazima bisibisi ya fundi wa vipaza sauti
akanifundisha kusikiliza bomba:
ncha juu ya chuma, mpini sikioni,
funga macho, usipumue.
"Maji yanayokwenda huimba," alisema, "yanayopotea hunong'ona."

Januari iliyofuata, saa tisa usiku, baridi ya kukata masikio,
nilipiga magoti barabarani mbele ya nyumba ya Sawchuk
nikausikia mnong'ono.
Tulichimba hadi alfajiri. Kijiji kilikunywa chai.
Hakuna kikao kilichokuwa na kichwa hicho kwenye ratiba.

Basi nitakwenda. Nitamtafuta Bernadette kwenye foleni.
Nitaketi Ukumbi C, safu ya mbele, sitasinzia,
nitauliza nani hurithi makaburi,
na taa moja ya barabarani,
na deni la mtu aliyehama bila kuaga.

Amri inaanza kazi tarehe ishirini.
Mkutano unaanza kumi na nne.
Beji itasomeka hivyohivyo, mara ya mwisho
jina letu kuning'inia shingoni mwa mtu.

Fomu inataka herufi kubwa, kila moja na kijumba chake.
Vijumba kumi na vinane, safu moja iliyonyooka
kama barabara yetu kuu.
V, E, R, B, O, V, A.
Saba vina mtu.
Kumi na kimoja vitupu, milango wazi, theluji inaingia.

Chini yake wanauliza: kuku au samaki?
Nikaweka alama kwenye kuku,
nikavaa glavu, nikaipeleka posta mwenyewe kwa miguu,
maana siku hizi dirisha hufungwa saa tano.